Mali bila daftari: Funzo la mafuta ya Iraq kwa wafanyabiashara wa Tandika na Tegeta

Mwenye daladala ya Mbagala anapoingia sheli, jambo la kwanza analofanya kabla ya kutoa fedha ni kutazama mita ya pampu. Ikiwa haikuanzia sifuri, anamwita mhudumu na mabishano yanaanza. Mama anayenunua mafuta ya taa Tandika hufanya vivyo hivyo: anaangalia kipimo kimejaa hadi wapi. Hakuna kati yao aliyesomea uchumi, lakini wote wawili wanajua kanuni ya kwanza ya biashara ya mafuta, kwamba kisichopimwa mbele ya macho ya mnunuzi kinapungua.

Kanuni hiyo ndogo ndiyo iliyowashinda watawala wa kigeni waliochukua usukani wa nchi yenye mafuta mengi kuliko nchi nyingi duniani. Kuanzia Aprili 2003 hadi Juni 2004, Iraq ilitawaliwa na majeshi ya Marekani na Uingereza pamoja na washirika wao. Wakati huo akiba yake ya mafuta ghafi ilikadiriwa kufikia mapipa bilioni 115. Hata hivyo, wakazi wa Baghdad walipanga foleni za kilomita kadhaa kutafuta petroli, na nchi hiyo ikawa inaagiza petroli kutoka Kuwait na Uturuki. Ni sawa na mkulima wa nazi wa Mkuranga kwenda Kariakoo kununua tui.

Wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam huona habari za Iraq kuwa mambo ya wakubwa. Sivyo. Bei ya pipa la mafuta ghafi katika soko la dunia ilikuwa karibu dola 30 mwaka 2003. Mwezi Oktoba 2004 ikavuka dola 50, na Julai 2008 ikagusa dola 147. Sababu zilikuwa nyingi, yakiwemo mahitaji makubwa ya China, lakini wasiwasi juu ya mafuta ya Iraq ulikuwa mmojawapo. Kila pipa lililokosa kufika sokoni kutoka Basra lilikuwa na sehemu yake katika nauli ya kutoka Tegeta kwenda Kariakoo. Lakini faida kubwa zaidi ya kisa hiki ni funzo lake, kwa kuwa makosa yaliyofanyika Baghdad hayahitaji vifaru ili yafanyike tena mahali pengine.

Mita zilizokosekana

Baghdad ilipoanguka tarehe 9 Aprili 2003, ofisi nyingi za serikali ziliporwa, zikabaki kuta. Wizara ya Mafuta ililindwa na askari wa Marekani. Waangalizi wengi walitarajia kwamba kilicholindwa kwa bidii hiyo kingesimamiwa pia kwa bidii.

Tarehe 22 Mei 2003 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 1483. Azimio hilo liliitambua Marekani na Uingereza kuwa ndizo zinazoikalia Iraq, na likaagiza mapato ya mauzo ya mafuta yawekwe katika Mfuko wa Maendeleo wa Iraq baada ya kutoa asilimia 5 ya fidia za vita vya Kuwait. Fedha zilikuwa za Wairaq, lakini saini ya kuzitumia ilikuwa ya utawala wa kigeni ulioongozwa na Bwana Paul Bremer. Azimio liliunda pia bodi ya kimataifa ya kuangalia hesabu.

Bodi hiyo ilipoanza kazi ilikuta jambo la aibu. Mafuta ghafi yaliyokuwa yakitolewa na kusafirishwa hayakuwa na mita za kuaminika za kuyapima. Meli zilijazwa na kuondoka, na hesabu ilitegemea makadirio na vipimo vya meli zenyewe. Bodi ilihimiza mita zifungwe haraka. Utawala wa kigeni uliondoka tarehe 28 Juni 2004 kazi hiyo ikiwa haijakamilika, na ilichukua miaka kadhaa zaidi kabla mita za gati la Basra hazijaanza kutegemewa.

Mwenye duka la jumla pale Temeke ataelewa mara moja maana ya jambo hilo. Shehena ikitoka ghalani bila kuhesabiwa, mwenye ghala hawezi kujua kama ameibiwa au hakuibiwa. Mwizi na mwaminifu wanafanana, na anayesingiziwa hana cha kujitetea nacho. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mita ndiyo daftari la mafuta.

Matokeo yake hayakuchelewa. Mwezi Januari 2005 Mkaguzi Mkuu Maalumu aliyewekwa na Marekani yenyewe alitoa ripoti kwamba utawala huo haukuwa na usimamizi wa kutosha juu ya dola bilioni 8.8 za mfuko huo zilizopelekwa katika wizara za Iraq. Hakusema kuwa zote ziliibwa. Alisema kuwa hakukuwa na hesabu ya kuonyesha zilikwenda wapi, na kwa mwenye mali tofauti ya mambo hayo mawili ni ndogo.

Zabuni ya mtu mmoja

Kosa la pili lilikuwa katika ununuzi. Mwezi Machi 2003, kikosi cha wahandisi cha jeshi la Marekani kilitoa mkataba wa kukarabati visima na mitambo ya mafuta ya Iraq kwa kampuni ya KBR, tawi la Halliburton, bila kushindanisha kampuni nyingine. Sababu iliyotolewa ilikuwa dharura: ilihofiwa visima vingechomwa moto kama ilivyotokea Kuwait mwaka 1991. Visima vilivyochomwa vilikuwa vichache. Hata hivyo, mkataba ule wa kuzima moto ulitumika baadaye kuagiza petroli na mafuta mengine ya matumizi ya raia.

Petroli iliyotoka Kuwait kwa njia hiyo ilitozwa wastani wa dola 2.64 kwa galoni, yaani karibu senti 70 za Marekani kwa lita. Iliyotoka Uturuki ilikuwa nafuu sana, na shirika la mafuta la Iraq lenyewe liliweza kuagiza kwa bei ya chini zaidi. Desemba 2003 wakaguzi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani walisema huenda bei ilizidishwa kwa kiasi cha dola milioni 61 katika miezi michache tu. Kampuni ilijitetea kwamba barabara zilikuwa za hatari na kwamba mwuzaji wa Kuwait aliidhinishwa. Baadaye wakaguzi walitilia shaka gharama za dola milioni 263 katika mkataba huo wote. Februari 2006 jeshi likaamua kulipa karibu zote, likabakiza takriban dola milioni 10 tu.

Lililo muhimu kwa mwekezaji mdogo si jina la kampuni bali ni mpangilio wenyewe. Aliyechagua mwuzaji hakuwa anayelipa, maana sehemu kubwa ya malipo ilitoka katika mfuko wa mafuta ya Wairaq. Aliyelipa hakuwa na sauti ya kukataa ankara. Na mwuzaji alilipwa kwa utaratibu wa gharama pamoja na faida juu yake, kwa hiyo gharama zikipanda hakuwa na cha kupoteza. Mpangilio wa namna hiyo hauhitaji mtu mbaya ili ulete hasara. Hata malaika angeutia hasara mfuko huo.

Bei ya senti moja na foleni ya kilomita

Petroli hiyo iliyonunuliwa kwa senti 70 iliuzwa katika vituo vya Baghdad kwa dinari 20 kwa lita, yaani kama senti moja ya Marekani. Bei hiyo ilirithiwa kutoka serikali ya Saddam Hussein, na wageni waliogopa kuigusa kwa hofu ya ghasia. Ghasia zilikuja hata hivyo. Agosti 2003 wakazi wa Basra waliingia mitaani kulalamikia ukosefu wa mafuta na umeme katika joto kali.

Bei ikiwa senti moja ndani ya nchi na mara kadhaa zaidi ng'ambo ya mpaka, kila mwenye lori anageuka mfanyabiashara wa magendo. Mafuta yaliyoagizwa kwa gharama kubwa yalivuka tena mpaka kurudi nje. Yaliyobaki yaliuzwa kwa vidumu kando ya barabara kwa bei ya kulangua. Ruzuku iliyokusudiwa kwa maskini ikaishia kwa walanguzi, na maskini akabaki katika foleni.

Wakazi wa Temeke wanaijua hadithi hiyo kwa jina lingine. Kwa miaka mingi kodi ya mafuta ya taa nchini Tanzania ilikuwa ndogo kuliko ya dizeli, kwa nia njema ya kumsaidia mwenye kibatari. Tofauti hiyo ikazaa uchakachuaji: mafuta ya taa yalichanganywa katika dizeli, na pampu za injini za magari zikaharibika. Vinasaba vilianza kuwekwa katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa kuikaribia ya dizeli. Uchakachuaji ulipungua, lakini aliyelipa gharama ya tiba hiyo alikuwa mama wa Mbagala na kibatari chake, ambaye hakuwahi kuchakachua tone.

Bomba la Al Fatah

Kosa la tatu lilikuwa kutowasikiliza wanaoijua kazi. Siku chache baada ya kuingia, utawala wa kigeni uliwaondoa kazini wanachama wa ngazi za juu wa chama cha Baath na kulivunja jeshi. Wizara zilipoteza wataalamu wa miaka mingi, na maelfu ya watu waliozoea silaha wakabaki bila mshahara katika nchi yenye mabomba marefu yasiyolindwa. Mabomba hayo yalilipuliwa mara kwa mara.

Mfano unaotajwa sana ni wa Al Fatah, kaskazini mwa Baghdad, ambako mabomba yaliyovuka mto Tigris darajani yalivunjika kwa mabomu ya vita ya mwaka 2003. Badala ya kulitengeneza daraja, iliamuliwa kuchimba njia chini ya mto. Wataalamu wa miamba walionya kuwa udongo wa pale ulihitaji uchunguzi zaidi kabla ya kuanza. Kazi ikaanza. Mashimo yakaporomoka, mitambo ikakwama, na kiasi cha dola milioni 76 kikatumika bila mradi kutimia. Kila siku ambayo mafuta ya kaskazini yalikosa kupita ilikuwa siku ya mapato yaliyopotea.

Haki itendeke. Wageni hao hawakukuta mitambo mizuri. Iraq ilikuwa imetoka katika vita viwili na vikwazo vya miaka 13, vipuri vilikuwa adimu, na viwanda vyake vya kusafishia mafuta vilikuwa vya zamani, vikitoa mafuta mazito mengi na petroli kidogo. Uporaji na milipuko haikuwa kazi ya wakaguzi. Pia uzalishaji wa mafuta ghafi ulirudi kukaribia kiwango cha kabla ya vita ndani ya mwaka mmoja. Lakini hakuna kati ya hayo kinachoeleza kwa nini mita hazikufungwa, kwa nini zabuni haikutangazwa, au kwa nini onyo la wataalamu lilipuuzwa. Vita havizuii kuandika daftari.

Yaliyo karibu na nyumbani

Kuna wasomaji watakaosema kuwa haya ni matunda ya kukaliwa na jeshi la kigeni, na kwamba Tanzania haikaliwi na mtu. Ni kweli, lakini nusu tu. Foleni za mafuta za Dar es Salaam katika miaka ya 1980, wakati magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana, hazikuletwa na jeshi lolote. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, kilichoanza kazi Kigamboni mwaka 1966, kilifikia mwisho wa kusafisha mafuta mwishoni mwa miaka ya 1990 bila bomu hata moja kudondoka. Kilibaki kuwa matangi ya kuhifadhia.

Mfano ulio karibu zaidi na mpangilio wa Baghdad upo Tegeta, upande wa Kinondoni. Mwaka 1995 TANESCO iliingia mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL, ambayo asilimia 70 ya hisa zake zilikuwa za kampuni ya Malaysia ya Mechmar, kwa ajili ya umeme wa megawati 100 wa mafuta mazito. Sababu iliyotolewa hapo pia ilikuwa dharura, kutokana na ukame uliokausha mabwawa. Gharama za ujenzi zikaleta mgogoro uliofika katika usuluhishi wa kimataifa, na baraza hilo likazipunguza kwa zaidi ya dola milioni 30. Mtambo wa dharura ya mwaka 1994 ukaanza kuuza umeme mwaka 2002.

Chini ya mkataba huo, TANESCO ililipa fedha za mtambo kuwapo tayari, uwashwe au usiwashwe, na mtambo ukiwashwa ililipia pia mafuta. Gesi ya Songosongo ilifika Ubungo mwaka 2004, kilomita chache tu kutoka Tegeta, lakini mitambo ya Tegeta haikubadilishwa kutumia gesi. Mgogoro mwingine ulisababisha fedha kuwekwa katika akaunti ya Tegeta Escrow ndani ya Benki Kuu. Fedha hizo zilipotolewa mwaka 2013, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ilitaja zaidi ya shilingi bilioni 300 katika ripoti ya Novemba 2014. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu, na mawaziri wawili wakaondoka katika nyadhifa zao.

Hapo hakukuwa na kifaru. Kulikuwa na kalamu tu. Lakini mambo matatu ya Baghdad yalikuwapo: dharura iliyotumika kuruka ushindani, mlipaji asiye na sauti juu ya ankara, na mwuzaji ambaye hapotezi kitu mtambo ukilala. Mlipaji wa mwisho alikuwa fundi wa kuchomelea wa Mwenge na mwenye mashine ya kusaga wa Tandika, kwa njia ya ankara ya umeme.

Upande wa pili wa mizani, nchi hii imejenga pia vizuizi vya maana. EWURA ilianza kutangaza bei kikomo za mafuta mwaka 2009, na kanuni ya kukokotoa bei hizo iko wazi. Kuanzia mwisho wa mwaka 2011 mafuta yanaagizwa kwa pamoja kwa zabuni za ushindani. Agosti mwaka huo huo, bei kikomo iliposhushwa, makampuni kadhaa yaliacha kuuza na Dar es Salaam ikapanga foleni kwa siku kadhaa. Lakini ugomvi ule ulikuwa wa hadharani. Kila mtu alijua bei ni ngapi, nani kaipanga na nani kagoma, na Bunge likauliza maswali. Mkazi wa Baghdad wa mwaka 2003 hakuwa na bunge la kuuliza wala mdhibiti wa kumpigia kelele.

Maswali matatu ya mwekezaji

Kwa hiyo mfanyabiashara na mwekezaji mdogo hahitaji kujua bendera ya anayeshika bomba. Mgeni anaweza kuliendesha vizuri na mwenyeji akaliharibu. Anachohitaji ni majibu ya maswali matatu, awe anafikiria kununua hisa za kampuni ya nishati, kufungua sheli ndogo Chamazi, au kusoma tu habari za mkataba mpya gazetini.

La kwanza: nani anapima, na je, mnunuzi anaweza kuiona mita? Lakiri ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu ya Tandika na mita ya kupokelea mafuta bandarini ni kitu kimoja kwa ukubwa tofauti. Mkataba usiosema wazi nani anapima na nani anahakiki kipimo haujakamilika.

La pili: bei ilipatikanaje? Panapotajwa dharura, mwekezaji aulize dharura hiyo inaisha lini na mkataba unaisha lini. Dharura ya miezi 6 yenye mkataba wa miaka 20 si dharura tena.

La tatu: mambo yakiharibika, nani anapata hasara? Ikiwa mwendeshaji analipwa mtambo ukifanya kazi na analipwa mtambo ukilala, hasara ni ya mtu mwingine, na kwa kawaida mtu huyo hakualikwa wakati wa kutia saini.

Mhudumu wa sheli ya Mbagala akisahau kurudisha pampu kwenye sifuri, foleni nzima humpigia honi. Watawala wa Baghdad walishika bomba kubwa kuliko yote bila kusikia honi ya mtu, kwa kuwa waliokuwa katika foleni hawakuwa na mamlaka ya kuwaondoa. Wenye daladala na wenye maduka wa Dar es Salaam bado wanayo honi yao. Itawafaa zaidi wakiipiga kabla mkataba haujatiwa saini.